Elfu Tano Mbele, Elfu Tatu Nyuma

Zamani mtoto wa Buigiri akitaka gari alitafuta waya. Alikata ndala iliyochoka akapata magurudumu, akapinda fremu, akafunga usukani wa mti uliomfikia kifuani, na jioni hiyohiyo gari lilikuwa barabarani, linaunguruma kwa mdomo wa dereva. Halikudai oili. Halikudai chaji. Likiharibika, spea zilikuwa zinaning'inia kwenye uzio wa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa shambani.

Leo nyumbani kwangu kuna gari la mchezo lenye difu tatu.

Narudia kwa wanaosoma huku wanatafuna: difu tatu. Ya mbele, ya kati na ya nyuma. Pikapu inayobeba zabibu za Chinangali, ile ya kuvuta mbele na nyuma, ina difu mbili na inamlisha mwenyewe na ukoo wake. Toyota ya Kalle Rovanperä iliyoshinda Safari Rally kule Naivasha mwaka 2024 ilikuwa na mbili, kwa sababu tangu 2022 sheria za daraja la juu la mashindano ya dunia zimeiondoa difu ya kati. Hili la mpwa wangu, ambalo mbuzi analiruka bila kupunguza mwendo, lina tatu. Kila difu inakunywa oili yake, na kila oili ina namba yake.

Mpwa wangu anasoma Dodoma mjini, kilomita 30 na ushee kutoka hapa. Wikiendi anashuka barabarani na begi kubwa ambalo shangazi yake, yaani mke wangu, hulipokea kwa moyo mweupe akidhani ni nguo za kufua. Ndani kuna gari la rimoti la kipimo cha 1/8, la umeme, magurudumu yote manne yanasukuma. Alilinunua mkononi kwa mtu. Anaamkia, "Shikamoo, Mjomba," namwitikia, "Marahaba, Mjomba," na kabla maji ya kunywa hayajafika amekwisha kulichinja gari juu ya mkeka, skrubu zimo kwenye bakuli la mboga, na mimi nimekabidhiwa tochi ya simu nimulike. Sijawahi kuulizwa kama nina kazi nyingine.

Kwanza tukubaliane difu ni ya nini, maana kijiweni kwetu jambo hili limekwisha kuvunja urafiki.

Nyuma ya nyumba kuna mbuyu, na huo ndio uwanja wa mashindano. Gari likiuzunguka, gurudumu la nje linatembea mwendo mrefu kuliko la ndani. Hapo kila mtu anakubali. Ugomvi unaanza mpwa anapotoa hesabu: kwa gari lake, ambalo kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi la pili ni kama sentimita 25, duara moja kamili linalipa gurudumu la nje mita 1.57 za ziada. Zidisha upana huo kwa mbili, kisha kwa pai, basi. Unene wa mbuyu haumo. Uuzunguke mbuyu wetu, au uizunguke wilaya nzima ya Chamwino kwa duara moja safi, tofauti ni ileile mita 1.57. Kwa gari la watu lenye upana wa mita 1.5 ni mita 9.4, iwe umezunguka jiwe au umezunguka mkoa.

Fundi wa guta, ambaye gereji yake ni kivuli cha mgunga kando ya barabara, alilikataa jambo hilo kwa mikono yote miwili. "Dogo, wilaya nzima?" Akachukua kijiti akachora mchangani. Mpwa akachora pembeni. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kuzibiwa pancha wakachora pia. Hesabu ikabaki ilivyo, pancha zikabaki zilivyo, na mimi nikachelewa kunywa chai.

Sasa, gurudumu lisilosukumwa na injini halina shida na hesabu hiyo. Gari la waya la zamani, au mkokoteni wa punda unaoleta maji, kila gurudumu linazunguka kivyake. Shida inaanza pale injini moja inaposukuma magurudumu mawili kwa pamoja. Ukiyafunga kwenye chuma kimoja, kwenye kona mojawapo lazima liburuzwe. Kuna wakubwa wanaoliepa jambo hili kwa ujanja: treni ya SGR inayopita kusini kwetu kupitia Igandu, yenye uwezo wa kilomita 160 kwa saa, haina difu kati ya gurudumu na mwenzake. Yote mawili yamebanwa kwenye ekseli moja, lakini uso wake umechongwa kama koni, upande wa ndani mnene, wa nje mwembamba. Kwenye kona ekseli inasogea kidogo, gurudumu la nje linakanyagia unene na la ndani linakanyagia wembamba, hesabu inalingana. Lakini ile ina reli. Mpwa wangu ana mbuyu, mchanga na kuku wa mke wangu.

Kwa wasio na reli, kinachoyaruhusu magurudumu mawili yatofautiane mwendo huku yote yanasukumwa ndicho difu. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alisajili difu ya gari la mvuke mwaka 1827, wakati petroli haijawa neno la mtu yeyote. Halafu mwaka 1877 Mwingereza James Starley akaileta kwenye baiskeli za magurudumu matatu. Inasimuliwa kwamba Starley alikuwa anaendesha chombo cha watu wawili pamoja na mwanawe, wamekaa bega kwa bega, kila mmoja ana gurudumu lake la kusukuma. Kijana alikuwa na miguu ya kijana, mzee alikuwa na miguu ya mzee, na chombo kikaenda kulekule kinakokwenda chombo cha namna hiyo: mtaroni. Starley akakaa chini akaitafuta difu. Hadithi hii naipenda kuliko zote za uhandisi, kwa sababu inathibitisha kwamba tangu enzi hizo vijana hawakuwa wakiwasubiri wazee.

Mpaka hapo difu ni chombo cha heshima. Lakini ina tabia moja, na tabia hiyo ndiyo iliyoniondolea usingizi.

Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa. Haimpendelei wa kushoto, haimwonei wa kulia. Uzuri ulioje! Sasa tia gurudumu moja kwenye mchanga laini. Lile la mchangani haliwezi kupokea nguvu nyingi. Ukilipa kidogo tu linazunguka bure. Difu, kwa kuwa ni mwadilifu, inampa na mwenzake kidogo hichohicho. Mwenzake amesimama kwenye ardhi ngumu, ana tairi zima, ana uwezo wa kulitoa gari pale, lakini haongezewi hata chembe, kwa sababu usawa ni usawa. Basi mmoja anarusha mchanga, mwingine amelala, injini inapiga kelele, na gari liko palepale.

Nilipoelezwa hivyo niliweka tochi chini. Hiyo ni kamati yetu ya harusi.

Tunamwoza binti wa kaka yangu, na tuna kundi la WhatsApp kama kila ukoo wenye adabu. Baba mkubwa, ambaye mvua ya mwaka huu imemtenda vibaya, alifungua kwa kuahidi shilingi 20,000. Ni haki yake, Mungu ambariki. Nyuma yake akaja mwenye duka: 20,000. Akaja mwenye Fuso: 20,000. Akaja yule mwenye nyumba ya kupangisha mjini, akaandika, "Naungana na walionitangulia." Hakuna aliyemzuia mwenye Fuso kuahidi laki mbili. Difu ndiyo iliyomzuia. Nguvu ya ukoo mzima imepimwa kwa mtu aliye mchangani, na sherehe iko palepale, inarusha vumbi.

"Dawa yake ni oili, Mjomba," mpwa akaniambia, na hapo ndipo uchumi wa nyumba yangu ulipoingia hatarini.

Ndani ya kila difu ya gari hili kuna giya ndogo zilizofungiwa kwenye kiboksi kilichojaa mafuta ya silikoni. Magurudumu yakitofautiana kidogo, giya zinapita kwenye mafuta bila shida, na gari linakata kona. Moja likianza kuzunguka bure kwa kasi, giya zinalazimika kuyasukuma mafuta haraka, mafuta yanagoma, na huko kugoma kunapeleka nguvu kwa mwenzake aliyelala. Ukitaka ukali zaidi, weka mafuta mazito zaidi. Uzito unapimwa kwa sentistoki. Maji yana kama 1. Difu za mpwa wangu zinataka 5,000 mbele, 7,000 katikati na 3,000 nyuma. Wenyewe wanafupisha: tano, saba, tatu. Mara ya kwanza kusikia nilidhani ananisomea namba ya simu, nikaanza kuiandika.

Mafuta hayo yanakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwenye vichupa vya mililita 60, na bei yake sitaitaja kwa sababu mke wangu husoma safu hii. Nilipouliza kwa nini tusiweke oili namba 90 ya fundi, ambayo inapatikana hapohapo chini ya mgunga, mpwa alinitazama kwa huruma. Silikoni, akasema, haibadiliki sana ikipata joto. Oili ya madini ikichemka inakuwa nyepesi, na gari lililoanza mbio na tabia moja linamaliza na nyingine. Fundi alisikia, akakasirika kwa niaba ya taaluma. "Guta langu linabeba tripu za mchanga, difu ni hiyohiyo namba 90, na tabia yake haijabadilika tangu nilinunue." Hilo ni kweli. Tabia yake ni mbaya tangu alinunue. Mke wangu, akipita na sufuria, akauliza kama shida ni kitu kinachovuta, mbona mlenda upo. Pendekezo hilo halikupigiwa kura, ingawa mimi ningeliunga mkono kwa sababu za bajeti.

Kuyaweka mafuta yenyewe ni ibada. Unamimina mpaka yafunike giya, unaacha nafasi kidogo ya kupanuka, kisha unakaa kusubiri vipovu vipande juu na kupasuka. Vya elfu tatu vinapanda. Vya elfu saba vinafikiria kwanza. Waliozama kabisa kwenye mchezo huu hupima difu nzima kwa mizani ya gramu ili leo na kesho zilingane. Nilitoa wazo kwamba mtu mwenye muda wa kutazama kipovu ana muda wa kuchota maji. Sikujibiwa.

Nitasema ukweli kuhusu namba zile, maana nimezitazama zikifanya kazi kwa macho yangu na siwezi kuzikana. Ukipunguza uzito wa mbele, gari linaingia kwenye kona kwa ulafi dereva anapoachia moto, lakini linakuwa na kiherehere. Ukiongeza, linatulia, na linavutwa vizuri zaidi kutoka kwenye kona moto unaporudi. Nyuma, mafuta mepesi yanafanya matako ya gari yashike ardhi kwenye kona. Ukizidisha uzito linaanza kuyatupa pembeni kila ardhi inapoteleza. Ya kati ndiyo mwenyekiti. Ukitia moto kwa nguvu, uzito wa gari unakimbilia nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Mafuta ya kati yakiwa mepesi nayo, mbio zote zinaishia mbele, matairi yanavimba na kuzunguka kama yana mapepo, huku ya nyuma, yaliyobeba mzigo wote, yakingoja. Weka mazito, yote manne yanasukuma pamoja, na gari linaruka mbele kiasi cha kumtisha dereva asiye na kidole chepesi.

Kwa hiyo namba zinategemea ardhi, na ardhi ya Buigiri haijawahi kukubaliana na mtu. Chini ya mbuyu ni udongo mwekundu mgumu wenye changarawe juu, unateleza vibaya sana. Hatua chache kuelekea korongoni ni mchanga mtupu. Kiangazi kuna vumbi linaloingia mpaka kwenye chumvi, na mvua zikija, kati ya Desemba na Aprili, upande wa bondeni unakuwa tope linalovua viatu. Mpwa akipanga difu kwa ajili ya changarawe, mchanga unazitukana. Akipanga kwa ajili ya mchanga, gari linachunguza ukuta wa banda la kuku. Nilimwuliza wenzake wa ng'ambo wanafanyaje. Akanionyesha video. Ndugu zangu, magari ya vumbi, yenye matairi ya meno, wanayakimbiza ndani ya ukumbi, juu ya zulia! Mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya vumbi ya kipimo cha 1/10 yalifanyika Del Mar, California, mwaka 1985, na leo watoto wa waasisi hao wamehamia sebuleni. Sisi tuna vumbi la kuuza nje na hatujaalikwa.

Zulia hilo lisilo na vumbi linanikumbusha jambo la goroli. Rafiki yake mpwa ana gari dogo la 1/10, la kusukuma nyuma tu, na difu yake haina giya wala mafuta ndani. Ina goroli ndogo zilizopangwa kwenye giya la plastiki, zimebanwa kati ya ringi mbili za chuma, na skrubu moja yenye springi inayokaza yote. Ubunifu huo ulimpa jina Mwingereza Cecil Schumacher, aliyefungua kampuni yake mwaka 1980. Ni kitu laini sana, kinateleza bila mchezo, na unakipanga kwa bisibisi tu bila kumwaga chochote: robo mzunguko hivi, robo vile. Ukilegeza mno, ringi zinateleza juu ya goroli, zinaungua. Ukikaza mno, goroli zinajichimbia vishimo na difu inaanza kukwaruza. Pasipo na vumbi ni malkia. Huku kwetu, chembe ya vumbi ikipenya tu, malkia anasaga mawe. Rafiki huyo hutumia mchana mzima anasafisha goroli kwa pamba na spiriti, na spiriti ni ya sanduku langu la huduma ya kwanza.

Basi hukumu yangu kwa yeyote anayetaka kuchagua, na simtozi hela: kwa ardhi ya Dodoma chukua difu ya giya iliyozibwa vizuri, oringi zikiwa nzima, anza na namba za katikati, badilisha difu moja tu kwa wakati mmoja, na usimruhusu mjomba wako ajue bei.

Fundi, kwa upande wake, ana suluhisho moja kwa kila tatizo: kuchomelea. Anasimulia guta lililokuwa linakwama kila masika, tairi moja kwenye tope, jingine linaota jua. Mwenyewe akachoka, akachomelea giya za difu, zikawa chuma kimoja. Tope akalishinda. Lakini kwenye lami guta likakataa kona, likala matairi, mwisho likakata ekseli mbele ya wateja. Nilitegemea mpwa acheke. Hakucheka. Alisema magari ya rimoti ya lami yenye kusukuma kote mara nyingi hufungwa mbele hivyohivyo, bila difu, kwa makusudi, na yanakwenda vizuri. Fundi akavimba kifua mpaka vifungo vikalalamika. Tangu siku hiyo anaitwa mshauri, na mshauri anakunywa chai yangu.

Nami nikaona elimu hii yote isiozee uani. Nikaingia kwenye kundi la harusi. Nikaandika kwa heshima zote, nikianza na salamu ya mbukwenyi kwa wazee wetu, kwamba usawa wa ahadi unaikwamisha sherehe. Kwamba aliye mchangani aachwe na 20,000 zake kwa amani. Na kwamba walio kwenye ardhi ngumu waongezewe mzigo. Kisha, ili jambo lieleweke, nikaorodhesha nani yuko kwenye ardhi gani. Fuso niliitaja. Nyumba ya kupangisha niliitaja. Mashine ya kusaga ya shangazi yangu, ambayo alidhani hatuijui, nayo niliitaja, pamoja na kijiji ilipo.

Kundi lilikaa kimya. Halafu mwenye Fuso akatuma laki moja bila salamu. Mwenye nyumba akatuma, na ujumbe mrefu kuhusu ada za watoto. Gari lilikuwa limeanza kutoka mchangani, na mimi nilikuwa naipima hotuba ya mweka hazina, ndipo nikaona maandishi madogo ya kijivu: shangazi amejitoa kwenye kundi. Wakamfuata binti zake. Akafuata hata mkwe wake, ambaye hakuwa ameahidi kitu.

Mpwa alisoma, akatikisa kichwa kama daktari. "Umeweka nzito mno, Mjomba. Ikizidi, gari halikati kona."

Nimemkatalia. Hela imeingia, na kamati haikuundwa ili ikate kona. Ila ninachomlalamikia fundi yeyote wa difu ni hiki: ya kwenye gari ina skrubu nne, unafungua, unamwaga, unaweka elfu tatu, maisha yanaendelea. Shangazi hana skrubu hata moja, na sufuria zote kubwa za harusi ziko kwake.